Nani Analipa Sabuni ya Zahanati?

Najua niliahidi sehemu ya pili ya makala ya kuhamisha hifadhidata bila kuzima huduma, na baadhi yenu mmenikumbusha kwa barua pepe (mmoja kwa lugha ambayo mama yangu asingependa kuisoma). Itakuja. Leo mnivumilie niandike historia, tena si historia ya tarakilishi, ingawa tarakilishi nayo itapita hapo katikati.

Kisa kilianza Januari 2025. Nilikuwa na kandarasi katika kituo kimoja cha afya upande wa magharibi wa jiji, huko matatu za 46 zinakogeuzia. Kazi haikuwa ya kujigamba nayo. Ilikuwa programu ndogo ya kuwatumia wagonjwa ujumbe mfupi kuwakumbusha siku ya kuchukua dawa zao za ARV, na kila asubuhi kumchapia sista orodha ya waliokosa kufika ili mtu awapigie simu. Pesa zilitoka Washington, zikapitia mashirika mawili matatu, kila moja likikata chake, ndipo zikanifikia zimechoka.

Tarehe 20 Januari, siku ileile aliyoapishwa, Rais Trump alitia sahihi agizo la kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Tarehe 24 ikafuata amri ya kusimamisha hata kazi zilizokuwa zinaendelea. Siku chache baadaye nikapata barua pepe ya mistari minne: acha kila kitu, usiingie kwenye seva, usilipe chochote.

Nilidhani kitakachoanza kuharibika ni kitu kikubwa. Wapi! Dawa zilikuwemo stoo. Muuguzi wa kaunti alikuwepo na sare yake. Kilichokufa kwanza ni ankara ya seva, shilingi elfu sita na ushee kwa mwezi, pamoja na salio la kutumia ujumbe. Orodha ya asubuhi ikakoma. Nikamwendea sista msimamizi nikamwambia kwamba kituo kikilipa hicho kidogo, mimi nitaiendesha programu bure mpaka mambo yatulie. Akacheka, si kwa ubaya. "Kijana wangu, sabuni yenyewe ya kunawia mikono siwezi kununua kabla sijaandika barua na kungoja jibu. Hiyo seva nitaitoa kasma gani?"

Tangu siku hiyo swali la sabuni halijanitoka kichwani. Nimesoma, nimeuliza wazee, nimekaa jioni nyingi na karatasi ambazo hazinihusu. Nisiwazungushe basi: nadhani sista alinipa historia nzima ya zahanati zetu kwa sentensi moja. Pesa za mambo makubwa, yaani majengo, dawa, magari na semina za hotelini, tumezipata mara nyingi kutoka kwa wageni. Pesa ndogo za kila wiki, zilizo mikononi mwa watu wa kituo chenyewe, ndizo zimekuwa zikija na kupotea, na kila zinapopotea huduma inaanza kufa polepole pasipo mtu kutangaza.

Nilimpelekea shangazi yangu hoja hii. Ni muuguzi mstaafu, anakaa Riruta, na alianza kazi katika zahanati za jiji miaka ya 1980, enzi ambazo watu bado waliziita za kanjo. Akaniwekea chai, akaniuliza, "Kwani nyinyi mnadhani haya yameanza na Trump?" Halafu akaanza kunihadithia habari za Casino.

Lakini kabla ya Casino inabidi turudi nyuma kidogo. Mwaka 1965, serikali changa ya Kenya ilifuta ada ya shilingi 5 iliyokuwa ikitozwa wagonjwa wa kutwa tangu ukoloni. Matibabu yawe bure, kodi italipa. Kwa miaka kama kumi hivi hesabu haikuwa mbaya sana. Kisha bei ya mafuta ikapanda, deni likapanda, na miaka ya 1980 ikaja na mikopo yenye masharti ya Benki ya Dunia na IMF. Wafadhili walisaidia kwa njia zao. Kwa mfano, mwanzoni mwa miaka hiyo, kwa msaada wa Denmark na Sweden, vituo vya mashambani vilianza kupelekewa masanduku ya dawa yaliyofungwa tayari, kila sanduku na orodha yake. Ulikuwa mpango mzuri kweli, na nchi nyingine zikauiga. Angalieni tu kwamba ndani ya sanduku kulikuwa na dawa. Mshahara wa mfagiaji haukuwemo.

Mwaka 1987 Benki ya Dunia ilitoa waraka wa kuzitaka nchi maskini zianze kuwatoza wagonjwa. Mwaka uleule, mjini Bamako, mawaziri wa afya wa Afrika pamoja na WHO na UNICEF walikubaliana kuhusu jambo linalofanana nalo kwa mbali: jamii ichangie dawa, lakini kinachochangwa kibaki palepale kituoni, na wenyeji wakisimamie. Watu huchanganya mambo haya mawili. Kwangu mimi tofauti yake ndiyo makala yote. La kwanza linauliza nani atoe pesa. La pili linauliza pesa zikishatolewa zikae wapi.

Kenya ilianza kugawana gharama na wagonjwa Desemba 1989, chini ya Rais Moi. Shilingi 10 kwenye kituo cha afya, 20 hospitalini, unalipa pale unapojiandikisha, kabla hata daktari hajakuona. Sasa tuje Casino.

Ukishuka River Road kutoka katikati ya jiji, karibu na ilipokuwa sinema ya Casino, kuna kliniki ya magonjwa ya zinaa. Jina lake rasmi ni refu, lakini hakuna anayelitumia. Shangazi anasema wanaume walikuwa wakiingia kama watu waliopotea njia, kofia imeshushwa machoni. Bahati nzuri kwa historia (na mbaya kwa wagonjwa) ni kwamba watafiti walikuwa wakifanya kazi pale tangu mapema miaka ya 1980, wengi wakitoka Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Manitoba, Kanada, kwa hiyo waliohudhuria walikuwa wakihesabiwa kabla ya ada. Ada ilidumu pale miezi tisa. Stephen Moses na wenzake walichapisha matokeo mwaka 1992 katika jarida la Lancet: mahudhurio ya wanaume yalishuka hadi asilimia kama 40 ya yale ya kabla ya ada, ya wanawake hadi asilimia 65. Ada ilipoondolewa, katika miezi saba iliyofuata wanawake walirudi na kuzidi idadi ya awali kwa asilimia 22. Wanaume walifika asilimia 64 tu.

Sisi wa programu tunaijua tabia hii. Ukimwongezea mtumiaji fomu moja kabla ya huduma, unampoteza, na ukiiondoa fomu baadaye harudi kwa sababu alishajifunza kwenda kwingine. Tofauti ni kwamba mtumiaji wangu akipotea hamwambukizi mtu. Na huo ulikuwa mwaka 1990, UKIMWI ukisambaa kimyakimya na vidonda vya magonjwa mengine ya zinaa vikiufungulia mlango. Nilipomsomea shangazi asilimia zile hakushangaa hata kidogo. "Sisi tulizijua bila Lancet," alisema. "Benchi la wanaume lilikuwa tupu."

Moi alisimamisha ada za kujiandikisha mwaka 1990. Ziliporudi, kuanzia 1992, zilirudi kwa hatua, Hospitali Kuu ya Kenyatta ikitangulia, na safari hii mgonjwa alilipia matibabu badala ya kulipia kuandikwa jina. Pia palikuwa na kanuni mpya: asilimia 75 ya makusanyo ibaki kwenye kituo kilichokusanya, asilimia 25 iende kwa afya ya msingi wilayani. Wazo la Bamako limeingia kwa mlango wa nyuma, mnaona? Kwa mara ya kwanza kituo kilikuwa na kitu chake. Kulikuwa na urasimu wa kutosha. Ili utumie pesa zako mwenyewe ulihitaji kibali kutoka juu. Hata hivyo, shangazi anasema, sabuni ilinunuliwa. Aliyeinunua ni mgonjwa maskini, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake kubwa.

Ndiyo maana nashindwa kuwalaumu waliopunguza ada Julai 2004. Serikali mpya ya NARC, Charity Ngilu akiwa Waziri wa Afya, ilitangaza sera ambayo wauguzi waliiita kumi-ishirini: shilingi 10 zahanati, 20 kituo cha afya, basi. Watu wakafurika. Ila hakuna aliyejaza shimo lililobaki. Kituo kilichokuwa kikijiendesha kwa ada kikajikuta na wagonjwa zaidi na pesa kidogo. Utafiti uliofanywa miaka michache baadaye ulionyesha kilichokuwa kikitarajiwa na mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi bila bajeti: vituo vingi viliifuata sera mwanzoni, kisha vikarudi kutoza zaidi kwa visingizio mbalimbali. Kadi, daftari, sindano.

Hapa ndipo kinapoingia kipande cha historia ninachokipenda kuliko vyote, na ambacho sijawahi kukisikia kikitajwa kwenye mkutano wowote wa teknolojia ya afya, na nimehudhuria mingi (chakula chao ni kizuri).

Kuanzia 2005, kwenye mkoa wa Pwani, serikali kwa msaada wa Denmark ilijaribu jambo la kipuuzi kwa wepesi wake. Kila zahanati ifungue akaunti ya benki. Kamati ya kituo, yenye wakazi wa pale ndani yake, isimamie. Pesa zitumwe moja kwa moja kwenye akaunti hiyo, zisipitie wilayani. Watafiti waliokwenda Kwale na Tana River walikuta pesa zenyewe ni chache mno ukilinganisha na gharama zote za kituo, kwa sababu mishahara ya wauguzi na dawa bado zilitoka serikali kuu. Lakini zilikwenda kule ambako pesa nyingine hazikufika: mshahara wa mfagiaji na mlinzi, nauli ya kwenda kuchanja watoto vijijini, kurekebisha paa, maji. Wafanyakazi wenyewe walisema huduma imekuwa bora na ari imepanda.

Mwaka 2010 mpango ukapanuliwa nchi nzima kwa jina la Mfuko wa Huduma za Sekta ya Afya, Denmark na Benki ya Dunia zikichangia pamoja na serikali. Kituo cha afya kilipata takriban shilingi 112,000 kila robo mwaka. Zahanati, kama 27,500. Gawanya hiyo ya mwisho kwa miezi mitatu: 9,000 na kidogo kwa mwezi. Ni bei ya seva yangu na nusu yake. Kwa pesa hizo zahanati ya kijijini ilikuwa na mfagiaji, sabuni, mafuta ya taa ya friji ya chanjo na daftari la kuandikia. Sisemi ulikuwa mpango usio na kasoro. Vitabu vya hesabu vilikuwa vigumu kiasi kwamba muuguzi aliyesomea kuzalisha akina mama alijikuta akilinganisha stakabadhi usiku, na pesa zilichelewa mara kwa mara. Kama kuna mtu angetafuta kazi ya maana kwa kina sisi wakati ule, ilikuwa kuandika programu rahisi ya uhasibu ya zahanati. Sisi tulikuwa tunaandika nini? Programu za kutambua malaria kwa kamera ya simu. (Nami nilikuwa bado shuleni, lakini najijua, ningekuwemo.)

Ukafa vipi? Haukuuawa na mtu. Ulimezwa na jambo jema. Machi 2013 ugatuzi ulianza, na afya ya msingi ikahamia kaunti. Juni mosi mwaka huohuo ada zikafutwa kabisa kwenye zahanati na vituo vya afya, na kujifungua kukawa bure. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 nayo ilitaka mapato ya kaunti yaingie kwenye mfuko mmoja wa kaunti. Kwa mhasibu ni jambo la busara sana. Kwa sista maana yake ni kwamba ile akaunti ndogo ilikauka, na sabuni ikaanza kuombewa barua. Denmark iliendelea kupeleka fungu dogo kupitia kaunti kwa miaka kadhaa, lakini pesa zikishapita mlango wa kaunti hazikuwa tena na uhakika wa siku wala wa kiasi.

Sasa ile nyumba ya jirani. Maana wakati zahanati ikihangaika na kumi-ishirini, kando yake palikuwa pakijengwa nyumba nyingine kabisa.

Novemba 1999 Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa. Januari 2003 Rais Bush akatangaza PEPFAR, na Kenya ikawa miongoni mwa nchi 15 za kwanza kulengwa. Wakati huo Wakenya waliokuwa wakipata ARV walikuwa elfu chache. Miaka ishirini baadaye walikuwa zaidi ya milioni moja. Sitaki mtu asome makala haya aseme nabeza msaada huo. Kuna watu katika ukoo wetu walio hai kwa sababu yake, na nadhani hata kwako wewe unayesoma.

Ila nenda kituo chochote kuanzia Kangemi mpaka Kibera utazame kwa macho ya fundi. Upande mmoja, jengo la zamani la kanjo, dirisha limezibwa kwa katoni. Upande wa pili, CCC, yaani kliniki ya wenye virusi: vigae sakafuni, kompyuta, feni, wafanyakazi wenye mkataba wao, mhasibu wao, mpaka choo chao. Mfumo ndani ya mfumo. Tarakilishi zilizo humo zina historia nzuri ambayo inatuhusu: mwaka 2001 kituo cha Mosoriot karibu na Eldoret kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye tarakilishi, kazi ya Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana. Kutoka mizizi hiyo ikaota OpenMRS, iliyoanza kubuniwa 2004 na kuwashwa Eldoret 2006, na juu yake ikajengwa KenyaEMR kuanzia 2012. Ni programu huria, mtu yeyote aichukue. Mwaka 2011 Kenya pia iliweka takwimu zote za afya za nchi kwenye DHIS2, mfumo huria wa Chuo Kikuu cha Oslo, kwa njia ya intaneti, ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kufanya hivyo nchi nzima. Tujivunie.

Lakini programu huria hufuta bei ya leseni peke yake. Umeme, seva, kebo iliyotafunwa na panya, kijana wa kupokea simu sista anaposahau nywila saa mbili asubuhi foleni ikiwa ndefu, hivyo vyote vililipwa na mradi. Mnakumbuka Machi 2016, msanidi mmoja alipoondoa kifurushi chake cha mistari 11, left-pad, na programu duniani kote zikashindwa kujengwa? Tulicheka wiki nzima. Tulijiambia hatutategemea tena kitu kidogo kilicho mikononi mwa mtu tusiyemjua. Baadhi yetu tulikuwa tukiandika ujumbe huo tukiwa ofisini, kwenye meza iliyonunuliwa na PEPFAR.

Na dalili zilikuwepo. Mwaka 2020 kulikuwa na kashfa ya manunuzi ya Covid kwenye KEMSA, shirika la serikali la kusambaza dawa. Wamarekani wakakataa dawa zao zipitie huko. Mapema 2021 shehena ya ARV walizotoa ikakwama bandarini Mombasa huku serikali yetu ikidai kodi ya takriban shilingi milioni 90 juu ya msaada. Kwa miezi kadhaa. Watu waliozoea kupewa dawa za miezi mitatu wakawa wanapewa za mwezi, wengine za wiki. Aprili waliandamana. Pande zote mbili zilikuwa na sababu zao na zote mbili zilizieleza vizuri sana kwenye televisheni, na hakuna hata moja iliyokuwa ikipanga foleni kwa sista.

Kuna pia kisa cha kutunyamazisha sisi tunaopenda kulaumu Washington kwa kila kitu. Mei na Juni 2025 chanjo za BCG na polio ziliadimika nchini, kina mama wakizunguka na watoto wachanga kutoka kituo hadi kituo. Hizo si chanjo za mfadhili. Ni chanjo za zamani ambazo Kenya yenyewe huzilipia, kupitia UNICEF. Malipo yalichelewa. Basi. Aprili 2001, Abuja, marais wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Hatujawahi kuifikia.

Haina maana kwamba kuachishwa msaada lazima kuwe ajali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchi hii ilikuwa na maelfu ya wauguzi wasio na kazi na vituo visivyo na wauguzi, kwa sababu serikali ilikuwa imebanwa isiajiri. Kuanzia 2006 fedha za Marekani ziliajiri mamia yao kwa mikataba ya miaka mitatu, huku ikiandikwa tangu mwanzo kwamba baadaye serikali itawachukua. Ikawachukua. Huko Kibera, MSF walihudumu miaka kama 20, na Juni 2017 wakakabidhi kituo chao cha Kibera South kwa kaunti baada ya maandalizi ya muda mrefu. Tarehe ilijulikana. Katika kazi yetu, kuzima toleo la zamani kwa tangazo la miaka mitatu huitwa matengenezo. Kuzima kwa barua pepe ya mistari minne sina jina lake la adabu.

Desemba 4, 2025, Kenya na Marekani zilitia sahihi mjini Washington makubaliano mapya ya miaka mitano: dola bilioni 1.6 kutoka kwao, na Kenya iongeze yake milioni 850, pesa zipitie serikalini badala ya mashirika, na sisi tuchukue mzigo polepole. Wiki moja baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda sehemu ya kupeana data za wagonjwa. Kuhusu data nitaandika siku nyingine, nina mengi. Kuhusu pesa kupitia serikalini, siwezi kusema ni vibaya. Tumelilia hilo miaka mingi. Swali langu ni lilelile la sabuni. Kutoka Hazina mpaka Kawangware kuna milango mingapi?

Ukweli ni kwamba mlango wa mwisho umefunguliwa, angalau kwenye karatasi. Tarehe 19 Oktoba 2023 zilitiwa sahihi sheria nne za afya siku moja. Ile ya bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ndiyo iliyopigiwa kelele zote. Dada yake mdogo, sheria ya fedha za kuboresha vituo, haikuandikwa sana magazetini. Inasema kituo cha umma kibaki na mapato yake, kiyatumie kwa bajeti iliyopitishwa. Ukimwambia shangazi jina la sheria hiyo anasema, "Si ni ile yetu ya miaka ya tisini?" Karibu ni ileile. Tofauti ni kwamba sasa anayelipa kwenye ngazi za chini anatakiwa kuwa hazina ya afya ya msingi, wala si mgonjwa wa River Road. Malalamiko kwamba malipo yanachelewa hayajakosekana.

Nilirudi kule kituoni miezi michache iliyopita. Sista aliniambia kamati yao imeanza kukaa tena, nikaomba niruhusiwe kueleza ile programu. Walikuwa watu saba, mwenyekiti mzee wa makamo mwenye duka la vyuma. Nikaeleza: orodha ya asubuhi, elfu sita kwa mwezi. Walinisikiliza kwa heshima zote. Mama mmoja akauliza kama programu hiyo inaweza kuwakumbusha pia kina mama wa chanjo, nikasema ndiyo, akaandika. Kisha wakarudi kwenye ajenda, na ajenda ilikuwa tangi la maji, kwa sababu mfereji hukauka siku tatu kwa wiki na chumba cha kujifungulia kinategemea mitungi. Wakabishana kuhusu lita: 3,000 au 5,000. Ilichukua saa nzima. Tangi likapita, la lita 5,000. Mimi nikaambiwa nije tena robo ijayo.

Nilitoka nikiwa nimeudhika kidogo, nakiri, mpaka nikafika stage nikagundua nimeshuhudia nini. Kwa sasa programu inakaa kwenye tarakilishi kuukuu ya mezani iliyokuwa imetupwa stoo, ikituma ujumbe kupitia simu ya zamani niliyoichomeka nyuma yake, na sista huichapa orodha saa moja na nusu asubuhi kabla ya foleni. Salio wanalinunua wenyewe. Mfagiaji ameonyeshwa soketi asiyotakiwa kuigusa.

Jinsi nilivyohamisha data kutoka kwenye seva niliyokatazwa kuingia, bila kuvunja amri ya mtu, ndiyo hasa sehemu ya pili ya ile makala. Wiki ijayo, stima ikikubali.